Maneno yanayosemwa kuhusu vyuo vya liberal arts Marekani: unayapima vipi kabla ya kuomba?

Kisasa_Kati

Wadau, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Binti yangu anafanya mtihani wa kidato cha sita Mei mwakani, EGM (uchumi, jiografia na hisabati), hapa hapa Dodoma. Ana orodha ya vyuo vitano vya Marekani, vyote vya ile aina ya liberal arts, yaani elimu pana ya fani mbalimbali: vidogo, wanafunzi kati ya elfu moja na nusu na elfu tatu, karibu wote wa shahada ya kwanza. Uwezo wa kulipa hatuna, kwa hiyo ni ufadhili au tubaki na UDOM, ambayo nayo si haba.

Kinachonisumbua sasa ni maneno ya ndugu na ya magrupu ya WhatsApp. Kwamba huko ni watoto wa matajiri watupu. Kwamba ni pombe kuanzia Alhamisi. Kwamba mtoto atarudi hana dini. Kwamba vyuo vyenyewe viko porini katikati ya mahindi na mweusi atakuwa peke yake. Kwamba wanasoma uchoraji na falsafa, kazi hakuna. Tarehe ya mwisho ya maombi ni mwanzoni mwa Januari. Sitaki kutiwa moyo wala kutishwa. Nataka kujua haya yanachujwaje.

Mwl_Nkuhungu

Mama, "vyuo vya aina hiyo" havipimiki kwa pamoja. Kinachopimika ni chuo kimoja kimoja. Andika jina la chuo juu ya karatasi, chini yake kila neno uliloambiwa, na mbele ya kila neno waraka au mtu atakayelijibu. Neno lisilo na waraka wala mtu, lifute.

Waraka wa kwanza unaitwa Common Data Set, yaani takwimu za chuo zilizojazwa na chuo chenyewe. Tafuta Google kwa jina la chuo pamoja na maneno hayo matatu. Vyuo vingi huweka PDF mpya kila mwaka, sehemu A mpaka J. Usisome zote.

Kwa hilo la mweusi kuwa peke yake, fungua B2. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaangalia mstari wa wanafunzi weusi wakidhani Watanzania wamo. Hawamo. Mstari huo ni wa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Wanafunzi wote wa kigeni, Mchina, Mhindi, Mnigeria na Mtanzania, wamewekwa kwenye mstari mmoja wa "Nonresidents" bila kutajwa rangi. Kwa hiyo soma mistari yote miwili, kisha iandikie ofisi ya udahili barua pepe fupi: mwaka huu mna wanafunzi wangapi kutoka Afrika Mashariki? Ni swali la kawaida kwao.

Maisha ya jamii yako F1. Tafuta namba mbili. Moja ni asilimia ya wanaokaa mabweni ya chuo. Ikiwa 90 au zaidi, Jumamosi watu wapo na mtoto asiye na gari hatakuwa mpweke. Ikiwa 50, wikiendi pale pakavu. Nyingine ni asilimia ya wanaojiunga na zile frateniti na sororiti, yaani vyama vya wavulana na vya wasichana vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Grinnell hawana kabisa, Bates hawajawahi kuwa nazo tangu chuo kianze 1855. Kwenye vyuo vingine nusu ya wavulana wamo humo, na hapo ndizo zinazoamua sherehe iwe wapi na nani aalikwe.

Hilo la uchoraji linajibiwa na J, yaani shahada zilizotolewa kwa fani. Kwa mtoto wa EGM tazama mistari ya hisabati, kompyuta na sayansi za jamii (uchumi umo humo), kisha linganisha na mstari wa sanaa za maonyesho. Ndugu zako wataona wenyewe.

I-3 ni ukubwa wa madarasa. Hili hakuna aliyekwambia, lakini ndilo litakalombadilisha binti kuliko mahindi. Darasa la watu 15 halina pa kujificha. Kuchangia hoja kunahesabiwa kwenye alama, na aliyezoea kuandika notsi kimya mpaka mtihani ataumia muhula wa kwanza. Aanze mazoezi ya kubishana na mwalimu kwa adabu sasa hivi.

ZabibuNyekundu

Naongezea kwenye pombe, maana hapo watu wanaongea sana bila kufungua ukurasa hata mmoja.

Sheria ya Marekani inayoitwa Clery Act, ya 1990, inakilazimu kila chuo kinachopokea fedha za serikali ya shirikisho kuchapisha ripoti ya usalama kila mwaka ifikapo 1 Oktoba, yenye takwimu za miaka mitatu. Inaitwa Annual Security Report, na yenye mabweni huunganishwa na ya moto. Humo kuna jedwali la pombe, dawa za kulevya na silaha, likiwa na waliokamatwa na waliofikishwa kwenye nidhamu ya chuo.

Mitego ni miwili. Safu ya mabweni ni sehemu ya safu ya kampasi, kwa hiyo ukizijumlisha umewahesabu watu hao hao mara mbili. Pili, namba kubwa haimaanishi walevi wengi. Chuo kinachomwandikia ripoti kila mwenye kopo la bia kitaonekana kibaya kuliko kinachofumba macho. Sifuri ndiyo inayonitia shaka. Gawa kwa idadi ya wanafunzi upate kwa kila 1,000, angalia mwelekeo wa miaka mitatu, kisha soma kanuni za wanafunzi: je, anayemwita mlinzi kumsaidia mwenzake aliyezidiwa naye anaadhibiwa? Ambako haadhibiwi, watoto huokolewa mapema.

Umri halali wa kunywa Marekani ni miaka 21, kwa hiyo wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili karibu wote hawaruhusiwi. Wapo wanaokunywa hata hivyo. Muulizie bweni lisilo na pombe wala dawa: vyuo vingi vina jengo au korido ya namna hiyo, na huombwa kwenye fomu ya malazi baada ya kupata nafasi.

Mlimwa_C

Kuhusu dini, shangazi, usidanganywe na jina la kanisa, wala usiogopeshwe na kukosekana kwake.

St. Olaf ya Minnesota na Luther ya Iowa zina uhusiano na kanisa la Kilutheri la huko. Hapo usifikirie seminari zetu. Mwanafunzi hasaini tamko la imani, na Mwislamu na asiye na dini wanasoma bila shida. Wheaton ya Illinois ni kitu kingine kabisa: ni ya kiinjilisti na mwanafunzi anasaini makubaliano ya mwenendo. Na angalia hapa, kuna Wheaton nyingine, ya Massachusetts, isiyo na masharti hayo. Kuna watu wanasoma habari za moja na kuomba nyingine.

Cha kuuliza ni hiki: mhudumu wa kiroho wa chuo yupo, na wa dini gani? Kanisa au msikiti wa karibu uko umbali gani, na usafiri wa Jumapili au Ijumaa upo? Kwa Mwislamu, ongeza swali la bwalo mwezi wa Ramadhani, kama wanatoa chakula cha kufungashwa kwa ajili ya daku. Chuo chenye jibu la haraka kina watu waliokwisha kuuliza.

Mwl_Nkuhungu

Mahindi nayo ni kweli nusu. Grinnell iko kwenye mji wa watu kama elfu tisa, Des Moines ni kama saa moja kwa gari. Macalester iko ndani ya jiji la St. Paul. Mount Holyoke ni ya wanawake na iko mji mdogo, lakini mwanafunzi anaruhusiwa kuchukua masomo Amherst, Smith na chuo kikuu cha jimbo kilicho Amherst, na kuna mabasi ya kuwaunganisha. Ramani peke yake haitoshi. Tafuta ratiba ya basi ya Jumamosi.

Kongwa_Road

Msimficheni mama. Hilo la matajiri ni kweli kwa vyuo vingi. Utafiti wa wanauchumi uliotoka 2017 ulikuta vyuo 38 vya Marekani ambavyo wanafunzi kutoka asilimia 1 ya familia tajiri zaidi walikuwa wengi kuliko waliotoka asilimia 60 ya chini. Colby na Colorado College zimo.

Kwa hiyo maswali ni mawili: binti atalipiwa kiasi gani, na ataishije katikati ya wenye nacho.

La kwanza, rudi kwenye Common Data Set, H6. Inaonyesha wanafunzi wa kigeni wangapi wamepata msaada na wastani wake. Chukua idadi hiyo ugawe kwa ile ya wageni kwenye B2. Mfano tu: wageni 300, waliosaidiwa 240, ni wanane katika kumi. Wageni 300, waliosaidiwa 40, huko wageni wanalipa wenyewe. Kisha linganisha wastani na gharama za ada, chumba na chakula kwenye G1, ambazo kwa vyuo vingi vya namna hii zimepita dola 80,000 kwa mwaka. Wastani wa dola 30,000 unaacha pengo la 50,000. Hata shamba la zabibu haliingizi hiyo.

Pia tofautisha sera. Amherst na Bowdoin hawaangalii uwezo wa kulipa wanapoamua kumpokea mwanafunzi, hata akiwa mgeni, na hujaza pengo lote. Vyuo vingi vinaangalia: kuomba msaada mkubwa kunapunguza nafasi. Berea ya Kentucky haitozi ada, na kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni, kwa hiyo kiburi cha pesa hakina pa kusimama.

La pili, uliza vitu vidogo. Bima ya afya imo ndani ya ufadhili? Koti na buti za baridi? Nauli? Mabweni yakifungwa Desemba, nani anamlaza na nani anamlisha? Hapo ndipo mtoto wa kawaida anapoumbuka, darasani wote wako sawa.

Kisasa_Kati

Ahsanteni sana. Sasa la kazi. Kaka yangu anasema shahada ya huko TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) hawaitambui, na kwamba hata huko ni vyuo vya wanaharakati, si vya kazi.

Mlimwa_C

Eduardo Mondlane, aliyeongoza FRELIMO kutoka Dar es Salaam mpaka alipouawa 1969, alihitimu Oberlin 1953. Kofi Annan alihitimu Macalester 1961. Patrick Awuah, aliyeanzisha chuo kikuu cha Ashesi, Ghana, alisoma uhandisi Swarthmore. Mwambie kaka.

Kongwa_Road

Mlimwa, majina makubwa hayamlipii mtu kodi ya nyumba. Mama, omba ripoti ya waliohitimu ya kila chuo na uitazame kwa jicho kali. Wakisema asilimia 95 wana kazi au wanaendelea na masomo, uliza ni asilimia ya wangapi waliojulikana walipo, na kama wageni wamehesabiwa.

Kwa mtoto wa EGM kuna jambo kubwa zaidi. Kwa kanuni za sasa, mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) anaweza kuomba miezi 12 ya kazi baada ya kuhitimu, na fani za sayansi na teknolojia huongezewa 24. Uchumi unaweza kuwa ndani au nje ya fungu hilo kutegemea namba ya programu: 45.0603 imo, 45.0601 haimo. Ofisi ya msajili itakujibu namba yao kwa mstari mmoja. Watu wawili wenye shahada ya uchumi, mmoja anapata miaka mitatu, mwingine mmoja.

TCU: hutambua shahada za nje kwa kuangalia kama chuo kina ithibati kwao, na hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje. Waandikieni mapema mkiwa na majina ya vyuo vyote vitano. Pale kaka anapopatia ni kwenye taaluma zenye bodi. Udaktari na sheria Marekani husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo miaka minne hiyo haimpi mtu udaktari wala uwakili. Akibadili mawazo kwenda uhandisi, wengi hawana. Swarthmore, Smith, Lafayette na Trinity ya Hartford wanao, wengine hupeleka mwanafunzi chuo kingine kwa miaka miwili ya mwisho, na ufadhili mara nyingi haumfuati huko. Hapo ulizeni Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla, si baada.

Na kabla ya kulipa ada yoyote ya viza, someni tovuti ya ubalozi. Masharti ya viza za wanafunzi yanabadilika mno siku hizi.

ZabibuNyekundu

Kilichobaki ni kuongea na wanafunzi. Ofisi ya udahili itampa binti mwanafunzi wa kuzungumza naye, naye atasifia, ndiyo kazi yake ya kulipwa. Amwombe, lakini atafute na wa pili kupitia chama cha wanafunzi wa Kiafrika, anwani zao huwa kwenye ukurasa wa vilabu.

Asiulize "maisha yakoje". Aulize: Ijumaa iliyopita saa nne usiku ulikuwa wapi, na nani alikuwa nawe? Kwenye bwalo unakaa na nani? Mara ya mwisho kukosa pesa ya kitu chuoni ilikuwa kitu gani? Nani aliyehama chuo mwaka jana, na kwa nini? Hilo la mwisho lilinganishwe na B22, asilimia ya wanaorudi mwaka wa pili. Ikiwa chini ya 85 na chuo kinajisifu, kuna jambo.

Gazeti la wanafunzi nalo ni dawa: The Scarlet & Black la Grinnell, The Mac Weekly la Macalester, The Oberlin Review. Asome matoleo ya Oktoba na Aprili, ukurasa wa maoni, na atafute neno "international". Malalamiko ya huko ni ya majina na tarehe, si ya kusikia.

Kisasa_Kati

Simu tupange saa ngapi? Vyuo vitatu viko Iowa na Minnesota.

ZabibuNyekundu

Kuanzia Novemba mpaka mwanzoni mwa Machi wako nyuma yetu saa tisa, miezi mingine saa nane. Saa tatu usiku ya Dodoma ni saa sita mchana kwao wakati wa baridi, muda wa chakula cha mchana. Jumamosi ni nzuri zaidi. Wiki ya pili na ya tatu ya Desemba wapo kwenye mitihani na hawatapokea, kwa hiyo amalize simu zote kabla ya mwisho wa Novemba.