Kuvuta maneno: "sanaaa" iwe na a ngapi?

kalamu7: Naandika mazungumzo ya hadithi ya katuni. Mhusika akiita, akibembeleza au akishangaa, nalivuta neno: sanaaa, jamaniii, mbaliii. Shida ni kwamba ukurasa huu nimeandika "sanaa", unaofuata "sanaaaaaaa". Herufi zirudiwe mara ngapi? Na ivutwe irabu ipi?

mhakiki: Mbili usitumie kabisa. Irabu mbili kwetu ni tahajia ya kawaida, na mara nyingi zinazaa neno jingine: sana/sanaa, kata/kataa. "Amekufa" na "amekufaa" ndiyo balaa lenyewe: mmoja anazikwa, mwingine anashukuriwa. Anzia tatu, ishia tano. Zaidi ya hapo jicho halihesabu tena, na ndani ya kiputo cha maneno neno halina pa kukatika, linatoka nje. Neno lenye mbili tayari liongezee mbili: "juuuu".

silabi: Tatu haziokoi "kataaa". Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: KAta, lakini kaTAa. Ukirundika a mwishoni, msomaji ameshasoma kukataa. Vuta penye mkazo: "kaaata!", "saaana", "mbaaali". Mwisho wa neno uvute mtu anapoita au kubembeleza, "mamaaa", "jamaniii", maana hapo hata sauti yenyewe hubaki ikining'inia mwishoni. Konsonanti ziache, isipokuwa miguno kama "mmmh" na "shhh". K, p na t pumzi imezibwa, huna cha kurefusha.

chujio: Wanaosafisha matini kwa programu, msipunguze tatu kuwa mbili kibubusa: "nzuri sanaaaa" itageuka "nzuri sanaa". Jaribu irabu moja kwenye kamusi, kisha mbili. Zote zikikubali, tazama neno la nyuma: "nzuri" inataka sana, "kazi ya" inataka sanaa. Halafu zipo tatu halali kabisa! Kuuunda (mfumo), kuuua (mti): ku- ya kitenzi, -u- ya kitendwa, u ya mzizi. Kichujio kisichojua hilo kinaharibu sentensi nzima nzima.

kalamu7: Nimeelewa, nahamishia kwenye mkazo. Na Juma akiitwa kutoka ng'ambo ya mto?

mhakiki: "Jumaaaa!" Nne. Ukiweka tatu, kuna atakayedhani ni Jumaa, na hilo nalo ni jina la mtu.