Heller za Tabora na nyingine za Mjerumani: lipi ni kosa la mtambo na lipi ni uharibifu wa baadaye?

Mjukuu wa Reli (Tanga):

Assalaam alaikum, na heshima kwa wakubwa wote waliomo humu. Marehemu babu yangu, aliyefanya kazi ya reli hapa Tanga, alituachia kopo la sarafu za zamani, na familia imenikabidhi kazi ya kuzichambua kabla hatujakubaliana kuziuza au kuzitunza. Nne zinanitatiza. Mbili ni za heller 20 (heller ilikuwa fedha ndogo ya koloni la Mjerumani hapa kwetu) za mwaka 1916 zenye herufi T, moja ya shaba nyekundu na moja ya shaba ya manjano; maandishi yamekaa upande, taji la moja ni kubwa kuliko la nyingine, na hata ncha za herufi L katika neno HELLER hazifanani. Ya tatu ni heller 1 ya mwaka 1908, ambayo ina mstari mwembamba kutoka ukingoni hadi karibu na taji. Ya nne ni rupia ya fedha ya mwaka 1892, yenye tundu dogo juu ya kofia ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani. Mnunuzi mmoja amesema zote nne zina makosa ya kiwandani, mwingine akasema hazina maana yoyote. Naomba mnifundishe namna ya kuzitazama, ili nisimdhulumu mtu wala nisidhulumiwe.

Wa Kaole (Bagamoyo):

Wa alaikum salaam, mwanangu. Nianze na hizo mbili za Tabora, maana ndizo zinazowapotosha watu wengi. Mwaka 1916 meli za Waingereza zilikuwa zimeufunga mwambao wetu, sarafu kutoka Ujerumani hazikufika, na ndipo serikali ya Wajerumani ikaamua kupiga za kwake kwa vifaa vya karakana ya reli huko Tabora, kabla ya mji huo kutekwa na Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huohuo. Herufi T uliyoiona ni ya Tabora, kama vile A ilivyo ya Berlin na J ya Hamburg katika heller za kabla ya vita. Kwa kuwa kazi ilifanywa kwa haraka na kwa mitambo isiyokusudiwa kupiga fedha, maandishi kukaa upande, ukingo kuwa mnene sehemu moja na mwembamba kwingine, au chapa kufifia, ni hali ya kawaida ya sarafu hizo. Anayekutoza zaidi kwa sababu ya kasoro ndogo ya namna hiyo anakuuzia kitu kilichomo karibu katika kila kopo lenye heller za Tabora. Ingekuwa nusu ya taji imekosekana kabisa na nafasi yake imebaki tupu, hapo tungezungumza mengine.

Lakini hilo la taji na herufi L ni jambo jingine kabisa, na nimefurahi kwamba umeliona mwenyewe. Mihuri, yaani vyuma vilivyochorwa vinavyoipiga sarafu chapa, iliyotumika kwa heller 20 haikuwa ya aina moja. Kuna wenye taji kubwa na wenye taji dogo. Na kwa upande wa thamani, kuna muhuri ambao ncha za herufi L zote mbili zimechongoka, kuna ambao zote zimejikunja, na kuna ambao ni L ya pili peke yake iliyojikunja. Hayo si makosa, ni aina tofauti zilizokwisha kuorodheshwa na wakusanyaji, na baadhi ya michanganyiko ya taji na herufi hupatikana kwa shida kuliko mingine. Kwa hiyo andika kwa kila sarafu: madini yake, ukubwa wa taji, kisha umbo la kila L. Hata dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa hukohuko Tabora kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, hutofautishwa kwa njia hiyohiyo, kwa kutazama pambo la upande wa kulia linaishia chini ya herufi gani ya neno OSTAFRIKA.

Sonara wa Ngamiani (Tanga):

Nakubaliana na mzee wangu wa Bagamoyo. Mimi nitasema juu ya mstari na tundu, kwa sababu madini ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Chukua kioo cha kukuzia, iweke heller yako karibu na dirisha ili mwanga uipige kwa ubavu, kisha uulize swali moja tu: mstari umeinuka au umezama? Muhuri ukipasuka, madini ya sarafu husukumwa kuingia ndani ya ufa wakati wa kupigwa, na hivyo sarafu hutoka na mstari ulioinuka juu ya uso wake. Huo ni wa kiwandani, na sarafu nyingine iliyopigwa kwa muhuri uleule baada ya ufa inaweza kuonyesha mstari huohuo mahali palepale. Mkwaruzo huwa kinyume chake: umezama, na mara nyingi madini yaliyosukumwa yamejikusanya kandokando yake kama tuta jembamba. Tazama pia mstari unapokutana na herufi. Mkwaruzo hukata herufi juu kwa juu. Ufa wa muhuri huonekana kuzunguka au kupanda kwenye herufi bila kuikwangua.

Wapo pia wanaoona herufi zenye kivuli wakadhani muhuri ulichongwa mara mbili. Kivuli kikiwa bapa, kimelala chini kama ngazi fupi pembeni mwa herufi, muhuri ulitikisika tu baada ya pigo, na hilo halina thamani kubwa. Herufi iliyochongwa mara mbili kwelikweli huwa na miguu miwili kamili, yote ya mviringo na iliyoinuka.

Rupia yako, samahani kukuvunja moyo, ilitobolewa baadaye. Rupia za fedha hazikutengenezwa na tundu. Zilizotobolewa kiwandani ni heller 10, na heller 5 za mwaka 1913 na 1914, na hizo zimechorwa kwa kuizunguka nafasi hiyo. Mabibi zetu walizitoboa rupia wakazivaa shingoni, kwa hiyo ni urithi wa heshima, ila bei yake imeshuka. Pitisha kidole kwa wepesi nyuma ya tundu. Mara nyingi utahisi ukali wa kekee. Ipime pia: rupia kamili ina gramu 11.66, na yako itapungua kidogo tu kwa kile kilichotolewa. Ikipungua sana, au ikivutwa na sumaku, basi hata fedha yenyewe si fedha.

Mjukuu wa Reli (Tanga):

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimeitazama heller asubuhi dirishani: mstari umeinuka, na unapanda juu ya herufi ya DEUTSCH bila kuikata. Ya shaba nyekundu ina taji kubwa na L zote zimechongoka. Ya manjano ina taji dogo na L ya pili imejikunja. Humo koponi nimekuta pia senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, yenye jina la mfalme Edward VIII lakini haina kichwa chake. Je, hilo ni kosa?

Wa Kaole (Bagamoyo):

Hapana. Senti 10 zenye tundu hazikuwekwa kichwa cha mfalme yeyote, si cha George V wala cha George VI, kwa kuwa katikati ndimo lilimo tundu. Edward alijiuzulu mwezi Desemba mwaka huohuo, na watu hupenda sarafu hiyo kwa sababu ya jina lake.

Ombi langu kwako ni moja: usizisugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya kung'arisha. Ile rangi ya kahawia juu ya heller yako ndiyo inayoulinda uso wake, na ukiisugua unaweza kuufifisha mstari huo mwembamba pamoja nayo. Ziweke kila moja katika karatasi yake kavu, mbali na upepo wa chumvi wa hapo Tanga, na uandike juu ya karatasi hayo uliyoyaona leo.