Mama katolewa rovu, binamu anataka kumtumia vidonge vya tezi ya shingo ya nguruwe toka Marekani. Nipokee?

Kijana wa Uyole:
Wakuu, shikamooni. Tangu mama atolewe rovu anatumia levothairoksini (homoni ya tezi iliyotengenezwa kiwandani), mikrogramu 100. Bado anachoka, nywele zinakatika, na baridi inamwonea (ya Uyole mwezi wa saba mnaijua). TSH ya mwisho (kipimo cha damu, kikipanda maana yake homoni ya tezi haitoshi) ilikuwa 11. Binamu anasema vya nguruwe ni "asilia", eti vinafanya kazi vizuri zaidi. Ila nasikia huko kwao vinataka kuzuiwa?

Mfamasia Mwanjelwa:
Ni kweli. Agosti 2025 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliwaandikia watengenezaji kuwa dawa za tezi ya wanyama hazijawahi kuidhinishwa, ikatoa kama mwaka mmoja wagonjwa wahamie nyingine. Hofu yao ni kwamba homoni inaweza kuzidi au kupungua toleo hadi toleo. Kidonge cha miligramu 60 kina homoni mbili za tezi: T4 (ndiyo iliyo kwenye levothairoksini) mikrogramu 38 hivi na T3 (yenye nguvu zaidi) 9, kwa hiyo hubadilishi moja kwa moja na 100 zake. Cha kubebwa kwenye begi nani atakikagua? TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, wana ofisi ya kanda hapa Mbeya, waulize.
Halafu niambie: anameza na nini?

Kijana wa Uyole:
Chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu.

Mfamasia Mwanjelwa:
Basi mchawi umempata! Madini ya chuma na kalsiamu huinasa dawa tumboni, haifyonzwi vizuri. Ameze na maji matupu, chai ifuate baada ya nusu saa hadi saa nzima. Vya damu vikae mbali nayo, masaa manne. TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8. Ukiwahi, majibu yatakudanganya. Dozi aguse daktari tu.

Mama Njombe:
Mimi naimeza usiku, nimeshakula mapema, asubuhi nakunywa chai yangu kwa amani. Muulizeni daktari wake. Na duka likikupa ya kampuni nyingine, mwambieni pia.

Mzee wa Mafinga:
Mama ana presha? T3 hukimbiza moyo. Tena sisi wengine nguruwe hatumgusi, hata akiwa kidonge 😂

Kijana wa Uyole:
Presha anayo, mzee wangu. Nimemwambia binamu asitume. Je, uji wa soya asubuhi?

Mfamasia Mwanjelwa:
Soya nayo inazuia dawa. Uji usogezwe saa nne asubuhi.