MJADALA: Aoife wa Leinster alikuwa mrithi kweli, au baba yake alitoa kisichokuwa chake?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo la nasaba ambalo kila nikilisoma linanikera, naomba tulijadili kwa hoja. Karibu kila mti wa ukoo unaozunguka mtandaoni unamwandika Aoife, binti Diarmait Mac Murchada, kuwa ndiye "mrithi wa Leinster". Kutoka kwake mstari unashuka kwa mumewe Richard de Clare, earl (bwana mwenye cheo kikubwa) wa Uingereza, yule aitwaye Strongbow, unapita kwa binti yao Isabel, unaingia kwa mabwana wakubwa wa Uingereza. Kaka zake Aoife ama wamebanwa pembeni kwa herufi ndogo, ama hawamo kabisa.

Kwa asiyeijua habari yenyewe: Diarmait alikuwa mfalme wa Leinster, kusini-mashariki mwa Ayalandi, makao yake Ferns. Mwaka 1166 mahasimu wake, akiwemo Ruaidrí Ua Conchobair na Tigernán Ua Ruairc, walimng'oa. Akavuka bahari mpaka Bristol, akamfuata Mfalme Henry wa Pili huko Aquitaine, akarudi na barua ya kumruhusu kutafuta askari. Strongbow alikubali kumsaidia kwa masharti mawili: aozwe Aoife, na ufalme uwe wake Diarmait akifa. Agosti 1170 Waterford ikatekwa, na ndoa ikafungwa hapohapo mjini siku zilezile. Mei 1171 Diarmait akafariki, mkwe akadai alichoahidiwa.

Mimi nasema Diarmait aliahidi kitu ambacho hakikuwa mikononi mwake. Kwa sheria ya Waairishi ufalme haukuwa mali ya mtu hata aigawe kama mahari. Ulikuwa wa ukoo. Mfalme alipatikana miongoni mwa wanaume wa kuumeni, wana, wajukuu na vitukuu wa mfalme aliyetangulia, na mara nyingi aliyeshika alikuwa ndugu au binamu, si mtoto. Binti ambaye baba yake hakuacha mtoto wa kiume aliweza kuishika ardhi ya baba kwa maisha yake tu. Akifa inarudi kwa ndugu wa kuumeni, haiendi kwa mume. Na hapo tunaongelea mashamba na malisho. Ufalme haukuguswa na kanuni hiyo.

Isitoshe, Aoife alikuwa na kaka. Domnall Cáemánach, ambaye akina Kavanagh wametokana naye. Énna, babu wa akina Kinsella. Na Conchobar. Énna aliangukia mikononi mwa mtawala wa Osraige, ufalme jirani, wakampofusha mwaka 1168, na kipofu hakuweza kuwa mfalme. Conchobar alitolewa mateka kwa Ruaidrí mwaka 1169 kama dhamana ya amani. Baba yake alipovunja mapatano mwaka uliofuata, kijana akauawa, na pamoja naye akauawa mjukuu wa Diarmait, mtoto wa Domnall. Domnall mwenyewe aliishi mpaka 1175.

Sasa tazameni tarehe. Diarmait alikwenda kutafuta askari ng'ambo kabla Énna hajapofushwa na kabla Conchobar hajawa mateka wa mtu. Siku alipoahidi, alikuwa na wana watatu hai, wote wenye macho yao. Huyo binti alikuwa mrithi wa nani?

Jibu la kwanza

Mkuu, hoja nzuri, ila unapima kwa kipimo cha upande mmoja. Strongbow hakuishi chini ya sheria ya Waairishi. Kwao, mtoto wa nje ya ndoa harithi, na Domnall kwa macho ya Kanisa hakuwa wa ndoa. Asipokuwepo mtoto wa kiume wa halali, binti anarithi na mumewe anashika kwa haki yake. Hayo kwao yalikuwa ya kawaida kabisa. Kwa hiyo waliooana Waterford walifunga mkataba unaoeleweka kwa sheria moja kati ya mbili. Sioni kwa nini mti wa ukoo uikatae.

Mleta mada

Ndugu yangu, nakubali kwamba sheria zilikuwa mbili. Lakini ufalme ulikuwa mmoja, na watu wa Leinster walikuwa na sheria yao. Kwao mtoto ni wa baba yake, iwe mama ni mke wa kwanza au la, mradi baba amemtambua. Strongbow mwenyewe aliliona hilo. Shairi la Kifaransa linalosimulia vita vile linasema alimpa Domnall mamlaka ya kuwasimamia Waairishi wa Leinster. Na Murchad, nduguye Diarmait, naye alikuwa na watu wake. Kama Aoife alitosha, kwa nini amtafute Domnall?

Jibu la pili

Samahanini kaka zangu, mbona mti wenu una wanaume tu hata mnapomjadili mwanamke? Mama yake Aoife ni Mór, binti Muirchertach Ua Tuathail. Lorcán Ua Tuathail, Askofu Mkuu wa Dublin kuanzia 1162, naye ni mtoto wa Muirchertach huyohuyo. Kwa hiyo ni mjomba wake Aoife, na Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1225.

Na huyo mjomba historia yake na Diarmait ilianza zamani. Akiwa mtoto mdogo alitolewa mateka kwa Diarmait, akateswa huko. Alipokua akamwona mtu huyohuyo akimuoa ndugu yake. Kisha Septemba 1170, wiki chache tu baada ya harusi ya mpwa wake, jeshi la Diarmait na Strongbow likasimama nje ya kuta za Dublin. Lorcán ndiye aliyetoka kwenda kusuluhisha. Wakati anazungumza na baba wa bibi harusi na bwana harusi, Raymond le Gros na Miles de Cogan, makamanda wa upande wa Strongbow, walivamia kutoka pande nyingine na kuanza kuua watu mjini. Hebu mfikirieni mtu huyo: shemeji yake na mkwe wao wako mbele yake wakiongea habari za amani, na nyuma yake waumini wake wanachinjwa.

Mimi sina shida na swali la urithi. Shida yangu ni kwamba miti mingi inamruka Mór, na ukimruka Mór humwoni Lorcán, na usipomwona Lorcán utadhani Waterford na Dublin zilikuwa vita vya wageni na wenyeji. Zilikuwa pia vita ndani ya nyumba moja.

Jibu la tatu

Kuna mahali nimesoma kwamba Aoife aliitwa Aoife Mwekundu na alikuwa akisuka vipande vya chuma kwenye nywele akienda vitani. Ni kweli?

Jibu la pili

Hapana ndugu. Kumbukumbu za miaka za watawa wa Ayalandi hazisemi hivyo, wala Gerald wa Wales, aliyeandika kuhusu vita hivyo akiwa mpwa wa baadhi ya makamanda, hasemi. Ni hadithi iliyomganda baadaye. Kuna pia ule mchoro mkubwa wa Daniel Maclise wa 1854, uko katika jumba la taifa la sanaa Dublin, unaoonyesha ndoa ikifungwa juu ya maiti. Watu wengi picha yao ya Aoife inatoka humo: kichwa kimeinama, hana neno. Wengine wanampa chuma cha nywele, wengine wanamnyima sauti.

Jibu la nne

Naomba niwe mkweli hata kama sitapendwa. Ninyi mnaongea kama vile Leinster ilikuwa inarithiwa kwa utaratibu mtakatifu. Diarmait mwenyewe mwaka 1141 aliwaua au kuwapofusha wakuu kumi na saba wa Leinster ili asibaki wa kumpinga. Hao walikuwa na haki ya kuumeni pia, wengine bora kuliko yake. Mwenye nguvu alishika. Strongbow alikuwa na nguvu zaidi, akashika. Haki ya Aoife ilikuwa kisingizio, na haki ya Domnall nayo ingekuwa kisingizio vilevile.

Mleta mada

Mkuu wa jibu la nne, umenisaidia kuliko unavyodhani. Kama nguvu ndiyo iliyoamua, basi tuandike hivyo. Tusiandike "mrithi".

Oktoba 1171 Henry wa Pili alitua karibu na Waterford na jeshi kubwa, kwa sababu hakutaka mtu wake ajifanye mfalme ng'ambo. Strongbow akasalimisha Dublin, Waterford na Wexford. Leinster akarudishiwa, lakini aishike chini ya Henry, kwa wajibu wa kumtolea askari wa farasi 100. Mkataba wa Diarmait ulikufa siku ile. Strongbow alipofariki mwaka 1176, na mwanawe Gilbert akafariki angali mdogo, Isabel alirithi kile alichokitoa Henry. Kiti cha Ferns hakikuwa sehemu ya urithi huo.

Na ushahidi tunao kutoka kwa mume wa Isabel mwenyewe, William Marshal, aliyemuoa mwaka 1189. Mwaka 1207 Mfalme John alimwita Uingereza. Kabla ya kuondoka aliwakusanya mabaroni wake wa Leinster, akamshika mkono Isabel, mjamzito, akawaambia kwamba huyu ni binti wa earl aliyewapa ardhi zao zote, na kwamba yeye William hana chochote pale ila kupitia kwake. Wasimtelekeze. Someni vizuri: binti wa earl. Hakusema mjukuu wa mfalme wa Leinster. Mbele ya watu ambao ardhi ndiyo maisha yao, jina lililokuwa na uzito ni la Strongbow.

Jibu la kwanza

Hapo umenibana kidogo, lakini damu haifutiki. Isabel na William walizaa wana watano na mabinti watano. Wana wote walikufa bila mtoto wa halali, wa mwisho Desemba 1245, na Leinster ikagawanywa kwa mabinti: Carlow, Kilkenny, Wexford, Kildare, na eneo la Dunamase. Mmoja wa mabinti hao aliitwa Eva, jina la bibi yake. Kupitia binti mwingine, Isabel Marshal, Robert Bruce mfalme wa Uskoti ni kining'ina wa Aoife. Nduguye Edward Bruce alivuka kwenda Ayalandi mwaka 1315 akatawazwa mfalme, akauawa Faughart mwaka 1318. Hata Henry wa Nane, aliyetangazwa mfalme wa Ayalandi mwaka 1541, ni uzao wake kupitia akina Mortimer. Unataka wote hao tuwatoe kwenye mti?

Mleta mada

Hapana, wabaki wote. Uzao ni uzao. Ninachopinga ni lile neno "mrithi" na kaka kufutwa, kwa sababu mstari wa kaka haukufa. Art Mór Mac Murchadha Caomhánach, mzao wa Domnall kwa kuumeni, alijiita mfalme wa Leinster zaidi ya miaka 200 baada ya ndoa ile, na Richard wa Pili alilazimika kuja na majeshi mara mbili kwa ajili yake, mwaka 1394 na mwaka 1399.

Kati ya safari hizo mbili, Julai 1398, Roger Mortimer, earl wa March, mzao wa Aoife kupitia Eva, aliuawa Kellistown huko Carlow akipigana na Waairishi wa Leinster. Alikuwa pale kama mwakilishi wa mfalme wa Uingereza. Uzao wa Aoife ulikuwa bado unapigania ardhi ileile ambayo uzao wa Domnall haukuwahi kukubali kwamba umepoteza. Kwenye miti mingi mtandaoni utamkuta Mortimer, na tarehe ya kifo chake, na mahali. Art Mór humkuti.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayehariri nasaba hii: andika Domnall, Énna na Conchobar kwenye safu moja na Aoife, mwandike Mór juu yao, na penye Strongbow weka 1171 na jina la Henry. Na wewe wa jibu la nne, usituachie njiani. Murchad, nduguye Diarmait, aliyetambuliwa na watu wake bila jeshi la kigeni, wewe unamweka wapi?