Kuongeza visanduku kwenye skrini mtumiaji akibonyeza kitufe: LayoutInflater, RecyclerView au Compose?

Mzabibu_Dom:
Mbukwenyi wakuu. Natengeneza programu ya Android ya kusajili wakulima wa zabibu huku Hombolo na Mpunguzi. Mkulima mmoja ana shamba moja, mwingine ana matano. Nataka afisa akibonyeza "Ongeza shamba" kitokee kipande kipya chenye ukubwa, aina ya zabibu na tarehe ya kupogoa. Nimebaki na njia tatu: LayoutInflater na addView (kupakia kipande kutoka XML, faili la mpangilio wa skrini, na kukibandika), RecyclerView (orodha inayotumia tena safu zake), au nihamie Jetpack Compose (kuchora skrini kwa Kotlin bila XML). Ushirika unataka kuona kazi kabla ya mavuno. Nichague ipi?

JavaWaZamani:
Mkuu, umeuliza nusu. Mavuno yapi, maana zabibu Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka? Unaandika Java au Kotlin? Simu za maafisa ni Android ngapi, ramu kiasi gani? Na matano ndiyo mwisho au kuna mwenye thelathini? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Kotlin_Kongwa:
Compose, usipoteze muda. Toleo 1.0 lilitoka Julai 2021, si kitu cha majaribio tena. Mashamba unayaweka kwenye mutableStateListOf (orodha ambayo Compose huifuatilia), kitufe kinaongeza shamba kwenye orodha, skrini inajichora upya yenyewe. Ukitaka kufuta shamba la katikati, litoe kwenye orodha, basi. Orodha iweke ndani ya ViewModel (sehemu inayotunza data skrini ikijengwa upya) isipotee simu ikigeuzwa.

Dada_Nkuhungu:
Ndugu yangu, kabla hujashika addView nisikilize. Niliwahi kukabidhiwa programu ya kusajili kaya, imeandikwa na watu waliokwishaondoka. Kila mtoto aliongezewa kipande kilekile cha XML. Msajili anajaza majina ya watoto wanne, simu inalala mkononi, skrini inageuka. Vipande vinapakiwa upya kwenye onCreate (hatua ya kuunda skrini), na majina yote manne yanakuwa jina la mtoto wa mwisho: Asha, Asha, Asha, Asha. Sababu ni kwamba Android hutunza maandishi ya kisanduku kwa id (kitambulisho) yake. Ukipakia XML moja mara nne, id zinafanana, la mwisho linafuta yaliyotangulia, na wakati wa kurudisha kila kisanduku kinapewa hilohilo. Lilipogundulika, taarifa zilikuwa zimeshatumwa. Vijana walirudi nyumba kwa nyumba na karatasi, jua la Bahi kichwani, kuwauliza akina mama majina ya watoto wao mara ya pili. Ukienda njia hiyo, weka android:saveEnabled="false" kwenye visanduku na maandishi uyatunze mwenyewe kwenye ViewModel.

JavaWaZamani:
Dada amesema kweli, ila RecyclerView nayo ina lake. Safu zake hutumika tena: kisanduku cha shamba la kwanza kikipotelea juu kinaibuka chini kama shamba la nane, kikiwa na maandishi yaleyale, kama hukuhifadhi kila kinachoandikwa. Kwa vipande vichache, LinearLayout (chombo kinachopanga vipande mfululizo) ndani ya ScrollView (inayoviringisha skrini) inatosha:

`val kipande = layoutInflater.inflate(R.layout.shamba, chombo, false)`
`chombo.addView(kipande)`

Hiyo false usiisahau. Ukiweka true, kipande kinabandikwa palepale na unachorudishiwa ni chombo chenyewe, kwa hiyo addView inaangusha programu. Na ukiweka null mahali pa chombo, upana na nafasi za pembeni ulizoandika kwenye kipande cha nje zinapuuzwa.

Mpwapwa_Dev:
Mbona hakuna anayetaja Flutter, zana ya kuunda programu za Android na iPhone kwa pamoja? Column, orodha, setState, umemaliza. Siku ushirika ukitaka iPhone, unayo tayari.

Kotlin_Kongwa:
Mkuu, muda umembana, tusimwongezee kujifunza Dart, lugha ya Flutter. iPhone hakuitaja popote.

Mzabibu_Dom:
Samahani kwa kuchelewa, umeme ulikatika. Ni Kotlin. Simu nyingi zina ramu ya GB 1, na chache bado ni Android 5. Mwenye mashamba zaidi ya kumi sijamwona.

JavaWaZamani:
Hapo ndipo ilipo shida. Compose ilianza na API 21, yaani Android 5.0, lakini tangu 2025 matoleo mapya ya AndroidX (maktaba za Google, Compose ikiwemo) yanadai API 23, yaani Android 6.0. Hizo chache utaziacha nje, au ubaki na matoleo ya zamani.

Kotlin_Kongwa:
Abaki nayo, yanafanya kazi. Ila aijaribu kwenye simu yenyewe ya GB 1, na iwe toleo la kutolea kwa watumiaji (release). La mtengenezaji (debug) la Compose ni zito, litamdanganya.

Dada_Nkuhungu:
Na mtandao je? Hifadhi kwenye Room (hifadhidata ya ndani ya simu) kwanza, WorkManager (inayopanga kazi za nyuma ya pazia) itume ukipatikana. Halafu ukubwa andika ekari, hekta mkulima hazisemi.

Mpwapwa_Dev:
Tarehe ya kupogoa pia. Wengi watakutajia wiki, "baada ya Idi". Usimlazimishe afisa kubuni siku.

Mzabibu_Dom:
Hili la tarehe sikuliwaza kabisa. Jumatatu nauliza ushirika kama zile za Android 5 zitabadilishwa. Nani ana mfano wa Room, mkulima mmoja mashamba mengi?

Dada_Nkuhungu:
Tumia @Relation, alama ya Room ya kuunganisha majedwali. Kesho nikitulia nitakuwekea hapa.