Hema la turubai lenye jiko la chuma, au la nailoni lenye jiko la titani?

Mkazi wa Duluth: Wenzangu, salamu. Mwezi wa Januari tutakuwa watatu, nasi tumekusudia kulala siku nne katika Boundary Waters, pori la maziwa kaskazini mwa Minnesota, Marekani, ambako usiku baridi huweza kufika nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri. Pikipiki za theluji zimekatazwa karibu eneo lote, kwa hiyo mizigo tutaivuta wenyewe kwa sleji juu ya maziwa yaliyoganda. Mngechagua lipi?

Mama Subira: Nimelala katika yote mawili. Turubai la pamba hupitisha mvuke wa pumzi na wa sufuria, ndiyo maana ndani yake hukauka vizuri; lakini likishalowa likaganda, asubuhi ya kuhama halikunjiki na uzito wake huongezeka. Nailoni ni nyepesi, ila moto ukizimika mvuke huganda ukutani, na anayegusa hema alfajiri huwamwagia wenzake chembe za barafu usoni. Jiko la titani, pamoja na bomba lake la moshi la kukunja, huweza kuwa na kilo mbili tu, ilhali la chuma hufika kumi. Mimi huuliza kwanza: nani ataamka kuchochea? Jiko dogo hula kuni haraka, na wengi huliacha lizime. Basi begi la kulalia ndilo litakalowalinda usiku, na jiko libaki la kupikia na kukausha soksi. Kwa kazi hiyo, kilo mbili zinatosha.

Fundi Bomba: Nakubaliana na dada kuhusu uzito, lakini cheche hamjazitaja. Nailoni hutobolewa na cheche moja, hivyo bomba liwe refu kupita paa na liwe na wavu juu. Jiko liwekwe juu ya magogo mabichi, la sivyo theluji iliyo chini yake itayeyuka na jiko litainama pamoja na bomba. Tena monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu itokayo motoni, haina rangi wala harufu: acheni matundu wazi chini na juu hata baridi ikiuma, na mchukue king'ora cha kuitambua gesi hiyo.

Mkazi wa Duluth: Ahsanteni. Tutachukua nailoni na titani, na fedha iliyobaki iende kwenye mabegi ya kulalia. Zamu ya kuchochea itaishia saa nne usiku.

Mama Subira: King'ora kiwekeeni betri za lithiamu, za kawaida hudhoofika katika baridi hiyo.