Ulinganisho wa mavuno: Ufipa, Songea, Kiteto au Basotu, wapi nikodi shamba msimu ujao?

Mkulima wa Dumila

Wakuu, poleni na mavuno. Nipo Dumila, Morogoro, nalima mahindi na alizeti kidogo. Mvua za huku zimekuwa za kubahatisha, kwa hiyo msimu ujao nataka kuhamisha sehemu ya mtaji: nikodi ekari 50 mahali penye mvua ya uhakika, nilime mahindi ya biashara. Nimebaki na Ufipa, Songea vijijini na Kiteto. Ndugu yangu ananishawishi niangalie pia ngano ya Basotu.

Kinachonichanganya ni kwamba kila ninayempigia simu ananitajia gunia tu. Huyu 30 kwa ekari, yule 15, na wote wanasifia shamba lao. Naomba aliyeko shambani aseme: uko wapi, mbegu gani, umevuna kiasi gani mpaka wiki hii ya kwanza ya Agosti, umepata gunia ngapi na unauzia wapi.

Kijana wa Ufipa

Laela hapa, mkuu. Mimi nimemaliza, na majirani wengi pia. Yaliyobaki mashambani ni ya waliochelewa kupanda. Mbegu ni SC 719, Tembo. Nilipanda mwisho wa Novemba mvua ilipotulia, mbolea ya DAP mfuko mmoja kwa ekari ya kupandia, urea mfuko mmoja ya kukuzia. Wastani gunia 24 kwa ekari. Kipande cha chini, karibu na kijito, kimetoa hadi 28; kule juu kwenye udongo mwepesi hata 18 hazikufika.

Faida ya Ufipa ni baridi. Hindi linakaa shambani muda mrefu, linajaa mpaka ncha. Halafu kuanzia Mei mvua inakata, mahindi yanakauka yakiwa yamesimama, unavuna bila presha. Shida ni kutoa mzigo. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ipo, lakini kutoka shambani mpaka kwenye lami ndiko hela inakoishia. Na viwavijeshi vamizi tangu walipoingia 2017 hawajatuacha. Ukilala wiki moja bila kukagua kiini cha mche, umeumia.

Mama Nafaka Songea

Mwanangu wa Dumila, karibu Ruvuma. Mimi niko njia ya Namtumbo, nimeshavuna kama theluthi mbili, vibarua wanaendelea. Mbegu UH 6303 ya Uyole, gunia 20 kwa ekari, na hizo nimezihesabu baada ya kupukuchua na kupepeta, siyo kwa kukadiria rundo la mahindi yenye magunzi.

Nikuambie ukweli kuhusu udongo wa huku. Mwingi una tindikali. Mwaka wa kwanza unaweza kumwaga mbolea yote ya ruzuku na usione kitu, mmea unabaki na rangi ya zambarau. Pima udongo kabla hujalipa kodi ya shamba, na kama unahitaji chokaa iweke mapema, kabla ya mvua. Mkodishaji hatakuambia hilo.

Soko letu kubwa ni NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, pamoja na wafanyabiashara wanaokuja na Fuso. Mimi siuzi yote Agosti. Sehemu naiweka kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko ya nailoni ndani, naisubirisha. Usijaribu kusubirisha kwenye viroba vya kawaida: dumuzi, mdudu ambaye wazee tunamwita Skania, anakuachia unga.

Mzee wa Moiben

Hamjambo wenzangu. Mimi niko Uasin Gishu, Kenya, na nafuatilia hesabu zenu kwa sababu wanunuzi wa huku mara kwa mara wanavuka kuja kwenu. Kwetu hakuna aliyevuna. Tulipanda mwisho wa Machi na Aprili, saa hii mahindi ndiyo yanajaza punje. Tutaanza Oktoba.

Kabla hamjaendelea, hamjataja unyevu. Huku hilo ndilo swali la kwanza, maana sisi tunavuna mvua ikiwa bado inanyesha. Tunakata mabua, tunayasimamisha matita shambani, na bado ukipukuchua unakuta asilimia 20 au zaidi. NCPB, bodi ya nafaka ya Kenya, haipokei kitu kilichozidi 13.5, na hicho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki nzima.

Fanyeni hesabu. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa 20 zikikaushwa hadi 13.5 zinabaki kilo 92 na nusu. Zikiwa na 25, zinabaki karibu 87. Aliyepima gunia 28 mbichi na aliyepima 26 kavu wanaweza kuwa na mahindi yaleyale. Tena gunia letu ni kilo 90, lenu 100. Nikisema nimepata 25, kwenu ni 22 na nusu.

Kwa hiyo kijana wa Laela, hizo 24 zilikuwa na unyevu gani?

Kijana wa Ufipa

Mzee, shikamoo. Kipima unyevu sina, nilitumia chumvi. Unachukua chupa kavu ya kioo, unaweka chumvi iliyokauka vizuri na punje, unatikisa kwa dakika chache, unaacha zitulie. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi yamezidi 15. Yangu haikunata. Kesho nampelekea mnunuzi wa hapa sampuli, ana mashine.

Afisa Ugani Mstaafu

Marahaba kwa wote. Mzee wa Moiben amegusa la unyevu, mimi niguse ekari yenyewe.

Vijijini ekari ni hatua 70 kwa 70. Ekari halali ni mita za mraba 4,047, yaani kila upande mita 63 na nusu hivi. Hatua ya mtu wa kawaida ni chini kidogo ya mita, ndiyo maana kipimo hiki kimedumu. Lakini akitembea mtu mrefu mwenye hatua ya mita kamili, shamba linakuwa mita za mraba 4,900. Hiyo ni ekari moja na moja ya tano. Gunia 24 kwenye "ekari" hiyo ni kama 20 kwa ekari halali. Nimeshuhudia ndugu wawili waliopakana, udongo mmoja, mbegu moja, mmoja akimcheka mwenzake kwa mavuno, kumbe tofauti ilikuwa miguu ya aliyepima.

Na kuna lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Sheria ya vipimo hairuhusu kifungashio kuzidi kilo 100, lakini gunia lenye kilemba linapita hapo mbali. Mkulima aliyejaza lumbesa 18 anaonekana ameshindwa na aliyejaza gunia 21 za mizani, ilhali huenda amemzidi. Taja kilo, taja ekari iliyopimwa, taja unyevu. Bila hivyo hatulinganishi chochote.

Basotu Ngano

Nisemee upande wa ngano, Hanang. Kombaini ziko shambani sasa hivi, nakadiria nusu ya eneo letu limevunwa. Huku tunapanda Februari na Machi ili ngano ikomae mvua zikiwa zimekwisha. Mwaka huu napata kilo kama 800 kwa ekari, ngano kavu, shamba limepimwa.

Ndugu yako hajakosea kuitaja Basotu, ila ajue historia. Mashamba haya makubwa yalianzishwa chini ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Kanada, saba yenye takriban ekari 10,000 kila moja, mashine na utaalamu vikiletwa kutoka nyika za ngano za kule. Ardhi ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na mgogoro wake ulifika mpaka mahakamani. Mpaka leo usikodi huku kwa maneno ya mtu mmoja. Pia ngano haina huruma kwa mwenye ekari 50. Kombaini ya kukodi inaanza kwa wenye mashamba makubwa, na wewe unasubiri huku ndege kweleakwelea wakishuka asubuhi na jioni. Kama huna uhakika wa mashine, baki kwenye mahindi.

Mnyakyusa wa Saskatoon

Nimefurahi kuona Basotu imetajwa, kwa sababu niko kwenye nyika zenyewe, Saskatchewan, nafanya kazi kwenye shamba la nafaka. Hapa Agosti ndiyo tunaingia: dengu na njegere kwanza kule kusini, ngano ya kupandwa Mei inafuata mwisho wa mwezi na Septemba, mbio dhidi ya barafu.

Hayo aliyosema Afisa Ugani ndiyo yanayofanya ulinganisho wa huku uwe na maana. Wizara ya kilimo ya jimbo inatoa ripoti kila wiki ya msimu, eneo kwa eneo: asilimia ngapi imevunwa, unyevu wa udongo ukoje, mavuno yanakadiriwa kiasi gani. Kipimo chao ni busheli, na busheli ya ngano ni uzito maalumu, ratili 60, yaani kilo 27.2. Haina kilemba. Ngano ikizidi unyevu wa 14.5 haihesabiki kuwa kavu, na bei inashuka.

Na hata hapa eneo ni kila kitu. Kusini-magharibi udongo ni wa kahawia na mvua haba. Kaskazini-mashariki ni mweusi na unashika maji. Mwaka wa ukame wa 2021 ngano ya Kanada nzima ilishuka kutoka tani milioni 35 hivi hadi karibu 22. Mkuu wa Dumila, usiamue kwa mavuno ya mwaka mmoja. Waulize walivuna nini mwaka ule mbaya.

Kiteto Mpakani

Mwaka mbaya kwetu ni gunia 5. Nasema wazi. Mwaka mzuri 14 au 15, mwaka huu nimepata 11, nimemaliza tangu Julai. Lakini ardhi kukodi ni nafuu, trekta linalima tambarare siku nzima bila kugeuka, na soko la nafaka la Kibaigwa liko karibu. Mzigo unalala sokoni siku hiyohiyo. Mbegu usichukue zile za muda mrefu za nyanda za juu, mvua itakukatikia zikiwa kwenye mbelewele. Na kabla ya kulipa, hakikisha shamba haliko kwenye eneo la malisho. Hilo halina mjadala huku.

Kijana wa Ufipa

Nimerudi. Mashine imesoma unyevu 14.8. Shamba nimelizunguka na simu yenye GPS: ekari 12 za hatua zimetoka 13.4. Kwa hiyo, nikishusha unyevu hadi 13.5, ni gunia 21 na kidogo za kilo 100 kwa ekari halali.

Mama Nafaka Songea

Zangu zilipimwa 13.2, na shamba lilipimwa na mtaalamu wa halmashauri wakati wa hati. Tuko sawa na Laela basi, mwanangu.

Mkulima wa Dumila

Asanteni sana. Kiteto naiacha kwa sasa, siwezi kubeba mwaka wa gunia 5 na mtaji wa mkopo. Ngano pia, mpaka nipate ushirika wa kombaini. Kati ya Laela na Songea mavuno yamelingana, kwa hiyo nitaamua kwa udongo na barabara. Nakuja kuchukua sampuli kote kuwili mwezi ujao kabla ya kulipa senti. Mkuu wa Laela, mashamba yanaanza kukodishwa lini?

Kijana wa Ufipa

Ikifika mwisho wa Septemba mazuri yanakuwa yameshachukuliwa. Njoo kabla ya tarehe 10, tuandikishane ofisi ya kijiji mbele ya mtendaji, na shamba tulizunguke na simu pamoja na mwenye nalo. Andika ekari za GPS kwenye mkataba, usikubali za hatua. Lile la bondeni karibu na kijito jirani yangu anakodisha, lina ekari 20 hivi na gari linafika mpaka mlangoni.

Mzee wa Moiben

Ukija Laela beba kipima unyevu chako. Na wakati wa kuvuna usiyaanike chini kwenye udongo, tafuta turubai. Wanunuzi wa huku wanataka cheti cha sumukuvu, ile sumu ya ukungu, mwisho ni sehemu 10 kwa bilioni. Mzigo ulioanikwa kwenye vumbi lenye unyevu unaweza kurudishwa mpakani na gari zima.